Dawa ya Nashon

Nashon aliletwa kliniki ya kituo cha Kawangware 56, Nairobi, mwezi wa tatu, mikono imefungwa kwa leso ya mamake. Bangi na vidonge vya mtaani vilikuwa vimempeleka mbali. Alisikia watu wakimwita kutoka ukutani. Nesi Kavindu alimtambua kabla hajatajiwa jina. Januari, fujo za uchaguzi zilipochacha, huyu ndiye aliyeongoza vijana waliomtoa kaka yake Kavindu, Makau, kwenye kibanda chake cha ushonaji kule Kibera. Makau hakuonekana tena, hata maiti.

Daktari aliagiza sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti hizo. Kavindu akamdunga.

Kesho yake mama alirudi naye akilia. Shingo ya Nashon ilikuwa imepinda kuelekea mgongoni, macho yamegeukia juu, ulimi umekakamaa. Kavindu alijua kilichotokea. Madawa ya mtaani yalikuwa yamefurisha dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe, ubongoni. Haloperidoli hukalia vipokezi vya dopamini na kuizibia njia, na polepole zile sauti hupungua. Lakini misuli nayo hutegemea vipokezi hivyo hivyo; vikizibwa ghafla, mwili hujikaza. Sindano ya kuulegeza ilikuwa kabatini, nyuma yake.

Daktari alikuwa hajafika. Kavindu alimwomba mama angoje nje, akavuta kiti, akamweleza Nashon taratibu kwamba dawa ipo na hampi. Jasho lilimtiririka kijana. Kavindu alihisi utamu ambao hakuutarajia, wala hakuuonea haya.

"Makau mlimpeleka wapi?"

Nashon alijaribu. Yakatoka mate na mkoromo. Akaulizwa tena, ukatoka mkoromo uleule. Hapo Kavindu akajikasirikia: mdomo aliokuwa akiuhitaji ndio huo alioacha umefungika. Akafungua kabati, akamdunga.

Shingo ilirudi kidogo kidogo. Nashon akajifuta mate mdomoni.

"Nyuma ya posho mill, pale pa kusaga unga. Kwa choo ya zamani. Alikuwa anaita 'Kavindu'. Ni wewe, sista." Akafunika uso. "Nipee kitu ya kusahau."

"Sikupi. Nitakutibu mpaka akili ikurudie yote. Zile sauti zitaisha. Ya Makau utabaki nayo."

Kavindu alipeleka habari polisi, nao wakachimba pale chooni. Makau akazikwa kwao Kitui mwezi wa nne, na Nashon akawekwa rumande kungoja kesi. Kavindu alikuwa akimpelekea dawa huko mwenyewe, pamoja na vidonge vya kulegeza misuli, na kuwasisitizia askari asikose hata siku moja.