Kiti Pembeni ya Meza ya Kumi na Nne

Ulikuwepo. Usiseme hukuwepo. Ulikaa safu ya nne, upande wa feni, na mwanamke yule alipokunjika ulishusha macho ukaanza kusoma mgongo wa tiketi yako, ambako hakukuandikwa kitu. Ulijitia hamnazo, na watu mia tatu wakajitia hamnazo pamoja nawe. Basi jambo lenyewe litaelezwa tangu mwanzo, polepole, ili safari hii usije ukasema hukuelewa.

Ilikuwa Jumamosi, shindano la pili kati ya mashindano saba ya msimu ule wa kadi, raundi ya sita, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri. Ukumbi ulikuwa na meza mia mbili za plastiki, kila moja na namba yake kwenye kipande cha kadibodi, na juu yake taa ndefu nyeupe ambazo hazikuwa zimezimwa tangu Alhamisi. Kwenye meza ya kumi na nne alikaa mchezaji waliyemwita Sindano, kwa sababu alikuwa fundi wa kushona kabla ya kadi kuanza kumlisha, na kwa sababu hakuwa na haja ya kuchoma mara mbili. Mbele yake alikaa kijana wa timu nyingine aliyeitwa Kobe, ambaye angeweza kuifikiria kadi moja mpaka chai ipoe.

"Kobe, ukimaliza kufikiri niandikie barua," Sindano alimwambia.

"Haraka ya nini, dada? Kushindwa utashindwa tu. Nakuongezea muda wa kuishi."

Kila mmoja alikuwa na kadi sitini ndani ya vifuko vya plastiki vyenye mgongo mweusi, vyote sawasawa, maana kadi inayotambulika kwa mgongo ni kadi yenye alama, na kadi yenye alama haichezwi. Hata anayeanza leo anafundishwa hilo kabla ya kitu kingine. Sindano alizichanga kadi zake, akamsogezea Kobe azikate, Kobe akazikata. Kisha Sindano akainua mkono kuvuta kadi ya saba, na hapo ndipo alipokunjika.

Hakuanguka. Mstari mweupe ulimpita kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia, juu ya fulana ya timu na juu ya ngozi, kama mstari unaobaki kwenye kadi iliyokaliwa. Pale mstarini rangi ilibanduka. Damu haikutoka. Alibaki ameinama kidogo upande mmoja, mkono uko hewani, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mkono hauendi.

Kobe aliinua kidole kumwita mwamuzi, kama inavyotakiwa.

Aliyeishi na Sindano katika nyumba ya timu angejua mkunjo ule ulikotoka. Mazoezi yalikuwa saa kumi na sita kwa siku, siku saba kwa wiki. Mkataba ulikuwa na vifungu thelathini na kimoja: kipo cha rangi ya soksi, cha kuugua hakipo. Wiki tatu kabla, alimwambia meneja wa timu kwamba kuna kitu kinamvuta begani. Meneja alimpa mto.

Mwamuzi mkuu alifika na ubao wake wa kuandikia. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu safi. Alimzunguka Sindano, akamtazama kwa nyuma, akapitisha tochi juu ya mstari.

"Ana alama," alisema. "Anatambulika hata kwa mgongo. Hawezi kuchezwa hivi." Kisha akamgeukia meneja. "Kanuni inanilazimu niulize. Mmemharibu kwa makusudi, au ameharibika katika mchezo?"

"Katika mchezo."

"Uchakavu wa kawaida?"

"Wa kawaida kabisa, mzee. Si unamwona mwenyewe."

Mwamuzi aliandika "uchakavu wa kawaida", akaweka sahihi, akaingia nyuma ya pazia.

Watu wa kadi wanaijua kanuni hii. Kadi ikiharibika katikati ya mashindano bila makusudi, mwamuzi mkuu hutengeneza mbadala. Huchukua kadi tupu, huandika juu yake jina la ile iliyoharibika, huweka sahihi, na mbadala huchezwa kana kwamba ndiyo yenyewe mpaka mashindano yaishe. Kadi halisi huwekwa karibu na meza ili mwenye shaka aitazame. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kanuni hiyo ni ya kadi peke yake.

Alirudi ameongozana na mwanamke mwenye kimo cha Sindano, fulana ya timu ya Sindano, na uso usiokuwa na kitu, laini kama ukuta uliopigwa lipu jana. Mwamuzi alifungua kalamu nene ya wino mweusi akamwandika kwenye paji: "Sindano. Mchezaji. Hushambulia mapema." Akapuliza wino ukauke. Mbadala alikaa, akavuta kadi ya saba, akashinda kwa zamu nne. Sindano mwenyewe alikalishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya meza, ameelekezwa kwa Kobe, ili Kobe akiwa na shaka amtazame.

Kobe alitazama kadi zake.

Dada yake Sindano alifika Jumapili saa kumi jioni, watu wakitoka. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja karibu na hospitali, na alikuja na aproni yake mwilini. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amenyoosha kila kitu kinachokunjika. Alipouona mstari alipitisha kidole gumba juu yake, taratibu, kama afanyavyo kwenye kola ya shati la mteja msumbufu.

"Huu unatoka," alisema. "Kitambaa chenye maji, moto mdogo, na siku kumi za kulala. Twende nyumbani, mdogo wangu."

Mwamuzi mkuu aliwakuta mlangoni. "Samahani, mama. Halisi haondoki mpaka mashindano yaishe."

"Si yameisha? Meza zinakunjwa."

"Shindano la pili limeisha. Lakini waandaaji wameamua msimu mzima uhesabiwe kuwa shindano moja. Imebandikwa pale." Alionyesha karatasi ukutani. Gundi yake ilikuwa bado mbichi.

"Na mimi nyumbani nirudi na nani?"

"Na mbadala. Mbadala hushika nafasi ya halisi katika kila jambo."

Mabango yaliviringishwa, meza zikapakiwa, na Sindano akapandishwa kwenye lori la vifaa akiwa amekaa kwenye kiti chake. Dada yake alirudi na yule mwingine, aliyekaa njia nzima mikono juu ya magoti.

Mama yao alimzoea kwa siku mbili.

"Huyu ukimwita anaitika," alimwambia binti yake mkubwa. "Yule wenu hata niugue haji. Huyu ameosha vyombo vyote, na chakula chenyewe hagusi."

"Mama, hana uso."

"Jina si lipo? Acha kunitafutia maneno mchana huu."

Dada aliufuata msimu kwa ruhusa za kuomba na za kuiba. Katika shindano la tatu viti vya pembeni vilikuwa vinne. Katika la nne vilikuwa kumi na tisa. Alikuwepo mzee aliyebanduka ukingoni, sikio lake likiwa limefunguka tabaka mbili, na alikuwepo binti aliyepinda mwili mzima, mwembamba, kama kadi iliyoachwa juani. Waamuzi waliwapita na karatasi zao. Wachezaji waliweka chupa za maji chini ya viti vyao, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo.

Wakati wa chakula cha mchana dada alichuchumaa nyuma ya kiti, akalowesha kitambaa, akaupasha mstari kwa viganja vyake, ambavyo vilikuwa vimebaki na moto wa pasi kwa miaka yote ile. Ilipofika Jumapili ya shindano la nne, mstari ulikuwa umefutika kutoka nyongani hadi mbavuni. Sindano alimshika mkono.

"Dada, usininyooshe."

"Nakuumiza?"

"Huniumizi. Yule mwenye tochi hupita kila asubuhi. Akikuta mtu amenyooka, anamrudisha mezani saa hiyo hiyo. Unamkumbuka yule kaka mcheshi wa kiti cha pili? Alinyooka Ijumaa. Wakamchezesha raundi nne, akakunjika tena, safari hii kwa mapana. Sasa ana mistari miwili na haongei."

"Nikikuacha hivi je?"

Sindano aliuweka mkono wake juu ya kiti. Upande uliotazama taa ulikuwa umepauka, na ilikuwa vigumu kuona vidole vilipoishia na plastiki ilipoanzia.

"Taa zinanifuta," alisema. "Fainali nadhani nitafika. Baada ya hapo sijui."

Dada alikikamua kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Akimnyoosha wangemvunja, asipomnyoosha angefutika. Alimtafuta mwamuzi mkuu, akamuuliza halisi anatolewaje.

Mwamuzi alifungua kitabu bila kinyongo na kumsomea. Mtazamaji yeyote akiinua mkono na kuomba kumwona halisi, mchezo husimama. Halisi huletwa mbele ya wote na kulinganishwa na mbadala. Wakionekana hawafanani, mbadala hufutwa na halisi hutoka msimuni, huenda zake.

"Basi mimi naomba."

"Ndugu wa mchezaji haruhusiwi, mama. Ana upendeleo."

"Imewahi kuombwa?"

"Tangu nianze kazi hii, hata mara moja," alisema, akafunga kitabu.

Fainali ilichezwa kwenye ukumbi mkubwa zaidi. Viti vilikuwa sabini na vitatu, navyo vilikuwa vimehamishiwa nyuma ya pazia, kwa kuwa watazamaji walilalamika kwamba vinaziba skrini. Kanuni inasema karibu na meza, na pazia lilikuwa karibu na meza. Aliyefika mwisho ni mbadala wa Sindano, na aliyecheza naye ni mbadala wa Kobe. Kobe mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, kiti cha tatu kutoka kwa Sindano, amepasuka kwenye kona ya juu, bado anafikiri.

Dada alipita kwenye safu ya mbele akiwainamia watu mmoja mmoja.

"Kaka, inua mkono tu. Sema unataka kumwona halisi. Neno moja."

"Dada yangu, mimi nimekuja kutazama mchezo."

"Mama, nakuomba."

"Nina watoto, mwenzangu. Wakiniandika jina je?"

Mzee mmoja mwenye miwani alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Unachosema ni haki kabisa. Aanze mmoja, mimi nitamuunga mkono."

Aliyefuata alisema hivyo hivyo. Safu ile ilikuwa na watu kumi na mmoja, na wanane walimwahidi kuwa wa pili.

Alipoinama kwa yule wa mwisho aliona, chini ya taya lake, mstari mweupe mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Mtu yule alikuwa amefunga vifungo vya shati mpaka kooni. Dada alinyanyua macho akaitazama safu, kisha safu ya nyuma yake, kisha ya nyuma zaidi. Ukumbi ulikuwa na joto la kukaanga mtu, na karibu wote walikuwa wamefunga mpaka kooni. Hakumuomba mtu mwingine.

Mbadala wa Sindano alishinda kwa michezo miwili kwa mmoja. Kati ya mchezo na mchezo mwamuzi alimkazia wino kwenye paji, uliokuwa umeanza kuchuja. Watu walisimama wakapiga makofi. Mwakilishi wa waandaaji alishika kipaza sauti, akawashukuru wote, akatangaza kwamba ili kuondoa usumbufu, msimu mpya umehesabiwa kuanza pale pale kadi ya mwisho ilipogusa meza. Kwa hiyo hakukuwa na mwisho wa mashindano. Hilo nalo lilipigiwa makofi.

Jumatatu dada alirudi kwa dobi. Kulikuwa na mashuka ya hospitali arobaini. Nyumbani mama alimsafishia mbadala kikombe cha ushindi akakiweka juu ya kabati, na majirani wakaja kumpongeza, wakamwita kwa jina lililoandikwa, naye akaitika kila mara.

Sindano yuko nyuma ya pazia. Wanaofagia humtambua kwa fulana. Wiki iliyopita dada yake alifika na kumshika mkono, na ilimbidi apapase kwanza ili aujue mkono uko wapi. Sindano alisema jambo moja tu, kwamba wamemwekea taa nyingine.

Shindano la kwanza la msimu mpya ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, mlango wa tatu. Hawana bunduki mlangoni, wana kijana wa kuchana tiketi. Kanuni yao wenyewe inawafunga, na imeandikwa, na mwamuzi atakusomea ukimtaka. Dada yake haruhusiwi. Mama yake hataki. Wewe si ndugu yake, na kwa sababu hiyo ni wewe. Usisubiri nyumba ya jirani itoe mtu, usiulize wangapi wamekubali, na usiniambie utamuunga mkono atakayeanza, maana wa pili tunao ukumbi mzima. Jumamosi, zikichangwa kadi za raundi ya kwanza, simama. Inua mkono. Sema unataka kumwona.