Aproni Nyeupe ya Drusilla

Nilipoikata aproni ya mama mkwe wangu nilijua ni ya nini. Nalisema hili mapema, kwa sababu kwa miezi kadhaa nilijidanganya kwamba sikujua.

Ilikuwa Februari, theluji imefika magotini, na kesho yake wanawake kumi na mmoja walikuwa waje kwangu kushona mfarishi, tandiko la kitandani la kuuzwa kwenye mnada wa shule. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tushone ule wa kivuli: unapanga maua ya rangi kali juu ya kitambaa cheupe kizito, unayafunika yote kwa melimeli nyembamba, kisha unashona kuzunguka kila ua, na rangi zinaonekana kwa mbali kama ziko nyuma ya ukungu. Jirani yangu Verna alinicheka. "Saloma na makuu yake! Turudi tu kwenye miraba yetu." Nikamwambia aje aone.

Mchana ule nikaiunguza melimeli kwa pasi. Alama ya kahawia, katikati kabisa. Duka liko maili sita na barabara ya kwenda huko ilikuwa imezibwa na theluji.

Drusilla, mama mkwe wangu, aliishi kwenye nyumba ndogo iliyoungana na yetu, na siku hiyo alikuwa kwa binti yake Lovina. Niliingia nikafungua kasha lake. Aproni ilikuwa chini, ndani ya karatasi ya buluu, pamoja na kitambaa chake cha mabegani. Kwetu, waumini tunaoshika desturi za kale, mwanamke huvaa nguo hizo nyeupe siku ya arusi yake, huzitunza, na akifa huvalishwa hizohizo. Yangu ilikuwa kabatini, chumbani kwangu. Sikuigusa. Nilichukua ya mama mzee, nikakata kipande cha kuziba palipoungua.

Kesho yake Drusilla naye akaja kushona. Alivuta kiti mbele ya fremu, palepale penye kipande kile, akakisugua kwa kidole gumba.

"Melimeli hii umeipata wapi?"

"Dukani, Mama."

"Ajabu. Nilidhani siku hizi wanauza plastiki tupu."

Wanawake wakacheka. Verna akasema, "Haya, Saloma, umeniweza." Nilitabasamu. Na Drusilla akainama akashona mpaka saa ya kukamua ng'ombe, mishono midogo kama mbegu za ufuta, juu ya aproni yake mwenyewe.

Mfarishi ulinunuliwa na wageni wa jimbo la mbali. Hata majina yao sikuyajua.

Mwezi wa Mei moyo wa Drusilla ukaanza kumsumbua, akataka kuziandaa nguo zake. Akakuta kitambaa cha mabegani peke yake. Alitafuta chini ya kitanda, akatafuta darini, akatafuta hata nyuma ya chupa za pichi kwenye stoo ya chini ya nyumba. Ura, mume wangu, akaniambia mezani kwa sauti ya chini, "Mama ameanza kusahau." Lovina akaja kumwondolea viberiti, asije akaunguza nyumba. Kisha wakamwomba asiendeshe tena kigari chake cha farasi. Alikubali, akamkabidhi mwanawe hatamu.

Na mimi nilikuwepo, nakata mkate.

Wiki tatu zilipita hivyo. Siku moja nikampelekea supu, nikamkuta na kalamu na gundi. Alikuwa amebandika vikaratasi jikoni kote. *Chumvi. Vikombe. Zima jiko.* Kimoja kilikuwa na majina ya wajukuu wake, wanangu, kwa mpangilio wa umri.

Nikaweka bakuli mezani. "Mama, aproni niliikata mimi. Iko kwenye ule mfarishi."

Akaifunga kalamu. "Ule niliokaa nikaushona?"

"Ndiyo."

"Na wewe unanitazama?"

"Ndiyo, Mama."

Akakitazama kile kikaratasi cha majina ya wajukuu. "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima."

"Kizima kabisa."

Akasimama, akaanza kubandua vikaratasi kimoja kimoja. Hakupaza sauti. "Nenda kamwambie Ura. Kisha Lovina. Verna awe wa mwisho, maana ukianza naye hutapata wa kumwambia tena."

Nilikwenda. Ura hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alimfungia mama yake farasi kwenye kigari na kumrudishia hatamu. Lovina alilia, hasa kwa ajili ya vile viberiti. Drusilla aliniambia amenisamehe, kama ilivyo desturi yetu, kwa sauti ya mtu anayekuambia maziwa yanachemka. Nilimwamini. Haikunipunguzia kitu.

Alikwenda dukani mwenyewe, akanunua melimeli ya aproni mpya. Nikamwomba nimshikie angalau pindo.

"Wewe kaa mbali na mkasi."

Aliishona peke yake kiangazi kizima, kwa mikono inayotetemeka, akipumzika kila baada ya mishono michache. Oktoba akafariki.

Wanawake tulimvalisha. Lovina alilinyoosha pindo mara mbili, halikunyooka. Lilikuwa limepinda upande wa kushoto, na mishono yake mirefu, mibaya, si mishono ya Drusilla niliyemjua. Akatoa pini za kufungia aproni kiunoni, akanitazama, kisha akanipa mimi.

Nilichukua muda mrefu kuzifunga. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyeniharakisha.