Jina la Baba Mkwe

Kamba ilikuwa inakimbia. Ilifumuka kutoka kwenye rundo lake sakafuni mwa tishari, ikapiga ukingo na kuzama ziwani kuifuata mashua iliyokuwa inaanza kutuvuta. Katikati ya rundo lile, mguu mmoja ndani ya mizunguko, alisimama mzee aliyetugeuzia mgongo, anapanga magunia ya unga kana kwamba yuko ghalani kwake. Jina lake nilikuwa nalijua. Ila mimi, kati ya watu wote waliokuwa humo, sikuwa na ruhusa ya kulitamka.

Ulikuwa mwaka wa vita, sabini na nane ukielekea ukingoni. Majeshi ya Amini yalikuwa yameshaingia Kagera, na sisi wanamaji tukatumwa Nyamirembe, kibandari cha Biharamulo, tupeleke unga na mahema Bukoba kwa njia ya ziwa. Mimi nilikuwa nimetoka kushonewa tepe mbili za koplo, na badala ya kuringa kama wenzangu, nilikuwa na swali lililoninyima raha. Cheo kinakaa wapi hasa? Juzi nilisema, "Jamani, kamateni hapo," nikajibiwa nikamate mwenyewe. Leo nasema maneno yale yale na mtu mzima anainama. Kilichoongezeka ni kitambaa na uzi tu. Nilikuwa nikipita kwenye dirisha la ghala najitazama mkono, nautafuta huo ukubwa, siuoni.

Nikamuuliza Sajini Theonest. Alikuwa Mhaya wa sauti ya chini, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akifoka, na bado hakuna aliyechelewa akimwita.

"Anza na jina," akaniambia. "Ukisema mtu ashike kamba, kila mtu atamtazama jirani yake. Mtaje kwanza. Akigeuka, mpe kazi, tena kwa maneno machache. Halafu umsikie akiirudia kwa mdomo wake. Asipoirudia hujaamuru, umeongea tu."

Ilionekana kazi ndogo. Nilijifunza majina ya watu wangu wote kwa siku moja, nikayazoea mpaka nikawa nayatamka usingizini.

Kisha likaja lori la mgambo kutoka Ngara. Walishuka wamegeuka wekundu kwa vumbi la njia ya Nyakanazi, wengi wao watu wazima wa vijiji vya ujamaa walioacha migomba yao kuja kusaidia kupakia. Wa mwisho kushuka alikuwa baba yake Nimpaye, mchumba wangu wa kule Ntobeye. Nikasema, "Shikamoo, baba," na yeye, wakati huohuo, akanipigia saluti. Tukabaki tumesimama, kila mmoja anasubiri mwenzake ajibu, mpaka dereva akapiga honi tumpishe.

Katika ukoo wetu, ukishapeleka posa, baba wa binti humtaji tena kwa jina lake. Ukilitaja mbele za watu ni sawa na kumvua nguo, na posa yako inarudi ilikotoka. Mshenga wangu alininong'oneza jina lile mara moja tu, nyuma ya nyumba yao, ili nijue ni neno gani nisije nikaliropoka. Harusi ilikuwa imeahirishwa kwa ajili ya vita. Nilimpenda Nimpaye kiasi kwamba hata nikiwa peke yangu sikuthubutu kulijaribu jina la baba yake.

Kwa hiyo nikawa nalizunguka jina hilo. Wengine wote niliwaita kwa majina, wakageuka, wakarudia amri, kazi ikaenda. Nikifika kwake nakuwa mtu mwingine. "Mzee, samahani, kama hutajali, ile kamba pale..." Yeye, kwa adabu, aliitikia kwa kichwa bila kurudia chochote, na mara nyingi alikuwa hajasikia.

Sajini alinivuta pembeni. "Koplo, yule mzee unamwamuru au unamposa?"

Hakujua alivyopatia. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Nyumbani ni mkwe wako," akasema. "Humu ana mikono na miguu, na hiyo yote iko juu yako."

Nikamwahidi nitafanya. Asubuhi iliyofuata tukaanza kung'oa nanga, nikiwa bado sijafanya.

Basi kamba ikawa inakimbia, na mguu wa mkwe wangu uko ndani yake. Niliwahi kuona kamba ya kuvutia ikikaza kwenye mguu wa mtu. Mtu yule alibaki anatembelea fimbo. Na huyu ingemtupa majini kabisa. Sajini alikuwa kwenye mashua ya mbele. Kati yangu na mzee palijaa magunia.

"Baba!" nikaita.

Wazee wote wakageuka, maana kila mmoja wao alikuwa baba wa mtu. Yeye peke yake hakugeuka. Injini ilikuwa inanguruma, na huenda alidhani anaitwa mwingine.

"Baba! Mzee!"

Mmoja akaniuliza, "Mimi?" Kamba ikafikia mizunguko ya chini. Nikamwona Nimpaye, sijui kwa nini, anachambua maharage mlangoni kwao, nikajua kwamba hapa nampoteza yeye au nampoteza baba yake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ntirampeba!"

Kwa Kirundi jina hilo ni kama mtu kusema, Mungu hajanikatia tamaa. Mzee akageuka mzima mzima.

"Ntirampeba! Toa mguu kwenye kamba!"

"Natoa mguu kwenye kamba, afande!" akajibu, na kabla hajamaliza alikuwa ameruka juu ya magunia. Kamba ikakaza kwa mlio uliotutikisa meno. Kiatu chake cha tairi kikaruka hewani kikaangukia ziwani, tukakitazama kikielea nyuma yetu. Wale mgambo wa Ntobeye, waliojua yaliyopo kati yetu, walikuwa wanaangalia sakafu.

Safari nzima hakunisemesha. Bukoba alipakua magunia na mguu mmoja peku, hakukosa hata zamu moja, nami niliamuru kwa sauti iliyokauka. Kazi ilipokwisha nikamfuata alikokaa, nyuma ya ghala la bandari. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowaogopa wanajeshi wa Amini.

"Umenitaja," akasema.

"Nimekutaja, baba."

"Mbele za watu wa nyumbani."

"Ndiyo, baba."

Akaukunja mguu wake uliokuwa peku, akaufuta vumbi kwa kiganja.

"Nilivuka mto Ruvubu kuja huku nikiwa kijana," akasema. "Kijijini wananiita Mrundi. Humu jeshini naitwa Mzee. Jina lile alikuwa analiita mama, kwa sauti kama ile yako, nikiwa mbali malishoni na ng'ombe, mvua inakuja. Tangu azikwe, sijalisikia likiitwa na mtu aliyeogopa nisije nikapotea."

Nilishindwa kumtazama.

"Litaje tena," akasema. "Hapa hakuna mtu."

Nikageuka huku na huku. Nikalitaja, taratibu.

"Karame," akaitika kwa Kirundi, akafumba macho. Kisha akayafumbua na kunitazama vile baba wa binti anavyomtazama mposaji.

"Sasa liache hapo," akasema. "Ukilitaja mara nyingine, Nimpaye humpati."

Nikacheka. Yeye hakucheka.