Habari za Galbet

"Hii mnara ya kukata wakubwa vichwa," Abdille alisema, akimvuta Kinoti mkono kwenye theluji. "Haya, umeona. Sasa twende daraja!"

Lo, haraka gani hii! Tangu asubuhi walikuwa wamepita ikulu ya malkia, saa kubwa na kanisa lenye kuba. Kinoti, karani wa mifugo aliyetoka Garissa wiki ile kuja kusoma London, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Abdille hata hakufunga vifungo vya koti. Alikuwa Msomali wa Garissa, mchochea makaa chini ya hoteli, na miaka yote ile mbele ya tanuri joto lilimwingia mifupani.

Kinoti alishangaa jambo moja. Huko Garissa alijifunza kwamba Msomali akikutana na mtu kutoka kwao, hanywi hata maji kabla ya kuuliza habari: mvua, malisho, ngamia, kisha watu. Naye mwenye habari hungoja aulizwe. Abdille hakuuliza. Redioni alisikia vita vya kwao, mifugo kupigwa risasi, watu kukusanywa ndani ya seng'enge, na mama yake, Timiro, alikuwa peke yake Galbet, mtaa wa Garissa. Aliogopa, maskini, ndiyo maana akageuka mtembeza wageni.

Walipofika darajani hapakubaki cha kuonyesha ila maji ya kijivu.

"Kuna kanisa ingine," Abdille alijaribu.

"Ndugu yangu, makanisa yametosha. Niulize."

Abdille akashika chuma cha daraja kwa mikono miwili.

"Habari ya mvua?"

"Imenyesha vizuri."

"Majani?"

"Yamefika magotini."

"Ngamia?"

"Wamekwisha, Abdille. Walipigwa risasi wote."

"Inna lillahi." Akakishika chuma kwa nguvu zaidi. "Na... watu?"

"Mama ni mzima! Anauza chai karibu na ofisi yetu, na askari wasiponawa mikono anawakaripia. Amenituma nikuulize utaoa lini, au unangoja azikwe kwanza?"

Abdille akacheka, wallahi akacheka mpaka wapita njia wakageuka. Kisha akaketi kwenye ngazi ya daraja bila kupangusa theluji, akaanza kuwataja ngamia wa mama yake kwa majina, mmoja mmoja.

Kinoti akaketi kando yake. Kila jina lilipotajwa, aliuliza, "Huyo alikuwa wa rangi gani?"