Upole wa Masele

Kwa miaka thelathini na moja nilimwombea mume wangu abadilike. Mwezi wa tatu mwaka huu, akabadilika.

Masele alikuwa mtu wa kugombana hata na redio. Ghafla akawa mpole. Akipewa ugali, asante. Nikichelewa kurudi sokoni, pole. Wanawake wenzangu wa kanisani hapa Nyakato wakanisimamisha Jumapili nitoe ushuhuda, nikautoa, wakapiga vigelegele. Nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Kisha jirani yetu Chenge akaja na lile suala lake la mpaka. Miaka tisa wamegombania mita mbili za kiwanja, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa wamefikishana. Masele akamsikiliza, akasema, "Sawa, chukua tu."

Chenge mwenyewe alishtuka, akanitazama mimi. Masele akainuka kwenda ndani, kandambili ya kushoto ikabaki nyuma, wala hakujua. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Pinal alinipa shikamoo kwanza, halafu akauliza kama mzee amejigonga kichwa karibuni.

"Wiki tatu zilizopita," nikasema. "Alikuwa ameinama nje kuokota mayai. Akainuka, kichwa kikapiga dirisha la chuma lililokuwa wazi. Hata hakuvimba. Alilitukana tu."

"Anatumia dawa yoyote?"

"Ya moyo. Ile ya kuzuia damu isigande."

Baada ya vipimo akanionyesha picha ya kichwa. Damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo, sasa imeusukuma ubongo pembeni. Akaniambia mtu wa umri ule, anayetumia dawa ile, akijigonga apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, hata kama hana nundu. Nikajibu nimeelewa. Nilikuwa nimechelewa kuelewa kwa wiki tatu.

"Tutatoboa fuvu tuitoe hiyo damu," akasema. "Tusipofanya leo, tunaweza kumpoteza. Tukiwahi, mama, atarudi kama alivyokuwa."

"Kama alivyokuwa kabisa?"

"Mungu akipenda, kabisa."

Akanipa karatasi ya ridhaa. Nikamtazama Masele kitandani. Akanitabasamia, tabasamu zuri, la mtu nisiyemjua. Nikasaini haraka, nisije nikapata muda wa kufikiri.

Siku ya pili alifumbua macho, akanikagua, akauliza kwa nini nimekaa kama niko msibani wakati yeye ana kiu. Nililia mpaka wauguzi wakaja kunishika. Wakasema ni machozi ya furaha. Yalikuwa ya furaha, mengi yake.