Nyota Yenye Vumbi

Nyota zote za kusini zilimetameta, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa kama vumbi lililoning'inia. Baba yake Huka alimfundisha kuwa si nyota moja, ni kundi zima lililobanana kama mifugo kisimani, hata jicho halimwoni mnyama mmoja mmoja, laona vumbi lake tu. Ukitoka Bute wakati wa kiangazi, usiku wa nne uifuate inapochomoza baada ya isha, alfajiri utakuta kisima. Ukikikosa, cha pili kiko mwendo wa siku mbili.

Kwa miaka ishirini Huka, Mborana wa Bute, aliwavusha wafanyabiashara kwa nyota hiyo. Hakuwahi kumuuliza mtu njia, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kiangazi cha mwaka wa 1934 aliajiriwa na Diriye, Msomali aliyekuwa akirudi kwao Garissa na ngamia kumi na watano, mkewe Anab na mtoto wao wa miezi mitatu. Sokoni walimwambia Diriye amchukue kijana Bonaya, kwamba mzee ameanza kupapasa. Diriye aliwakatalia mbele ya watu, na Huka akatembea kifua mbele siku nzima.

Sasa kiriba cha mwisho kilikuwa kimekauka tangu adhuhuri. Maziwa ya Anab yalikatika. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililowatisha.

Huka alitangulia. Anab alimfuata akimvuta ngamia wa kwanza, na Diriye alikuwa mbali nyuma, mwisho wa msafara. Nyota yenye vumbi ilipochomoza, Huka alishusha pumzi akaishika.

Walikwenda muda mrefu. Kisha akaona nyota nyingine yenye vumbi, kulia kwa ile ya kwanza. Akafikicha macho. Upande wa kushoto ikatokea ya tatu. Akageuka kaskazini, na huko nako kila nyota ilikuwa na vumbi lake.

Tangu mvua zilizopita alikuwa akiona ukungu asubuhi, na kila asubuhi alijiambia ni moshi wa kuni. Mwongo mkubwa, na aliyemdanganya ni yeye mwenyewe. Akisema sasa, hakuna atakayemwajiri tena maishani. Asiposema, ana nyota tatu za kubahatisha na mtoto mmoja wa kuzika.

Aibu ni kwamba aliendelea kutembea. Alihesabu hatua mia, akaongeza mia nyingine, akitumaini macho yatarudi. Nyuma yake alimsikia Anab akimpigapiga mtoto mashavuni ili asilale.

Akasimama.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "ile nyota ya vumbi iko wapi?"

Anab alidhani anampima. "Si ile, adeer, mzee wangu? Ile ya kulia kabisa. Ingine yote iko kali, hakuna vumbi."

Kulia kabisa. Huka alikuwa akiifuata ya katikati.

"Mimi naona zote sawa," alisema.

Anab alikaza kamba ya ngamia. Ngamia alikoroma. "Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na ulijua. Ukachukua kazi, na mimi iko na mtoto kifuani."

"Nilijua nusu. Nusu nyingine nilikataa kuijua."

Hakumtukana. Alimpita, akashika njia ya kulia, na Huka akafuata ameshika mkia wa ngamia. Diriye, huko nyuma, aliona msafara umepinda kidogo tu. Alimwamini kiongozi wake.

Jua lilikuwa limeshapanda walipokifikia kisima. Anab alichovya ncha ya shuka majini akamkamulia mtoto mdomoni, tone kwa tone, hadi mtoto akakunja uso na kulia. Diriye aliangua kilio naye, bila haya. Kisha akamjia Huka, akaishika mikono yake yote miwili.

"Mzee Huka, Bonaya huyo angetuua. Wewe nimekuokoa mtoto yangu... wewe umeokoa." Alichanganya maneno kwa furaha.

Huka alimsubiri Anab aseme. Anab alikuwa akimtazama mtoto. Hakusema, na ilikuwa wazi kwamba hatasema kamwe.

"Usinishukuru," Huka alisema. "Nilikuwa nikiwapeleka kufa. Siioni nyota, Diriye. Mkeo ndiye aliyetufikisha."

Diriye alimtazama machoni, kwa karibu, akauona utando mweupe. Kisha akaiachia mikono yake, akamgeukia mkewe.