Kikombe cha Maatuq

Jioni ya tatu mfululizo Maatuq aliingia barazani kwa Jawad, akasalimia, akaketi palepale pa jana, karibu na mlango. Hakuna aliyemleta. Baraza za Kuwait ziko wazi kwa kila mwenye salamu, lakini watu wana macho, na macho yote yalimwangukia mgeni huyo kabla ya kurudi kwenye runinga, ambako makombora ya majirani yalikuwa yakipishana angani.

Jawad alikuwa na lake moyoni. Mama yake, Bi Zakiya, mgonjwa wa moyo, alikwenda kuzuru Mashhad na vita vikamkuta hukohuko. Ndege haziruki, simu za Iran haziingii, na hakujua kama mama amekula au amelala na njaa. Hata hivyo barazani hakulitaja. Tangu bunge livunjwe na watu waanze kuvuliwa uraia, wanaume waliokuwa wakibishana siasa hadi mate yanakauka sasa walibishana bei ya samaki. Kuwa na mtu ng'ambo ile, siku hizi, ni siri ya kumwambia mkeo tu, tena kwa sauti ya chini.

Na Maatuq hakuwa na swali jingine ila la safari. Nani kasafiri mwaka huu? Wanaorudi wanapita wapi, na njia ya Basra ina usalama? Bu Tahir, binamu yake Jawad, akamnong'oneza, "Huyo katumwa. Muulize hapa kamjua nani, uone atakavyojiumauma."

Jawad akamuuliza, na kweli mtu akajiumauma.

Kahawa ikaja. Maatuq akapokea kikombe, akakiweka chini mbele ya magoti yake, asikiguse tena. Hapo hata mtoto anaelewa: mgeni ana haja, na mwenye nyumba humwambia anywe, haja yake imekubaliwa. Jawad alikiona. Lakini akishatamka hivyo amejifunga kutoa asichokijua, tena kwa mtu asiyemwamini. Akaikodolea macho runinga, na kahawa ikapoa.

Mwishowe Maatuq akaona afadhali aseme mwenyewe, akamwita Jawad kwa heshima, kwa jina la mwanawe. "Samahani, Bu Sadiq. Una mtu Mashhad?"

"Sisi? Hatuna mtu huko."

"Hata mmoja?"

"Nimeshakwambia, ndugu yangu. Hatuna."

Uso aliukausha. Akaagiza udi uletwe, ingawa ilikuwa mapema mno, na udi ukishapita mgeni hakai. Maatuq akajifukiza kidogo kwa adabu, akavaa viatu, akaenda zake.

"Umemfukiza kama mbu," alisema Bu Tahir, na baraza nzima ikacheka. Jawad naye alicheka, tena zaidi ya wote.

Siku mbili baadaye simu za Iran zikafunguka, na ya kwanza kuita ilikuwa ya Bi Zakiya. Yuko hotelini, alisema, awe wapi tena? Chumbani alikuwa na mke wa Maatuq. Shemeji yake Maatuq alikuwa mpakani na simu mbili, moja ya Iraq na moja ya Iran, akipeleka salamu huku na huku, na alikuwa amewatafutia gari la kuwatoa kwa njia ya Basra. Nafasi moja ilikuwa ya Bi Zakiya. Yeye, kwa moyo wake ule, akakataa kupanda njia ndefu hivyo bila ruhusa ya mwanawe, ndipo Maatuq akatumwa. Lakini naye aliogopa kumtaja mkewe mbele ya wanaume asiowajua, kabla Jawad hajafungua mdomo kwanza.

Gari lilikuwa limeondoka asubuhi ile, na nafasi yake kapewa mwingine.

"Sasa mama, kwa nini hukupanda tu?"

"Nilingoja neno lako, likaja." Bi Zakiya akahema kwa shida. "Eti huna mtu huku. Basi mimi ni nani, Jawad?"